Fagio la Ijumaa

Nyumba za Walimu,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Kuna swali ninalolala nalo na kuamka nalo kwa wiki tano sasa, na naomba radhi kulitanguliza mbele ya salamu, kwa maana nikianza na salamu nitajificha humo. Mtu aliyenyamaza wakati neno lake moja lingezuia damu, je, ametenda jambo, au ameacha tu kutenda? Chuoni tulifundishwa kuyatofautisha hayo mawili, na mimi niliyatofautisha vizuri kwenye mtihani. Siku hizi hata mpaka wenyewe siuoni.

Sasa nikuamkie ipasavyo. Shikamoo, dada. Shemeji hajambo? Mgongo wako umepoa, au bado unaiinamia cherehani tangu alfajiri kama vile wateja watahama mji? Mimi mwili wangu ni mzima. Hayo mengine utayasoma. Na binti yetu je? Daktari alisema bandeji ya jicho ingefunguliwa wiki hii. Anatafuna sasa, au bado ni uji kwa mrija? Inaniuma kukuuliza kwa barua jambo ambalo ningepaswa kuja kuliona kwa macho yangu, ambayo mimi bado ninayo yote mawili.

Uliponipigia simu siku ile nilikwambia kwamba wanafunzi waligombana na mwanao akaumia katikati yao. Hukuuliza zaidi, kwa kuwa hujazoea kunitilia shaka. Nilichokwambia hakikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Unakumbuka tulivyokubaliana alipojiunga na shule hii: asijulikane kuwa ni mtoto wa dada yangu, wasije wakasema anabebwa. Aliitunza siri hiyo kuliko mimi. Hata tulipokutana wawili tu kwenye korido aliniita Madam. Wenzake walimpachika jina la Seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, kwa kuwa kila aliyekwama kwenye somo la kompyuta alimwendea yeye. Mimi wananiita Nukta, kwa kuwa naweza kuirudisha kazi nzima kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika. Nilimfanya kiranja wa maabara kwa uangalifu wake, si kwa damu. Angalau ndivyo nilivyojiambia.

Maabara yetu ni chumba kirefu chenye nondo madirishani na kompyuta kumi na nane kwa wanafunzi hamsini na wanne. Hukaa watatu watatu: mmoja kwenye kibodi, mmoja akimsomea programu kutoka daftarini, wa tatu akivizia makosa. Nami nilikuwa na desturi moja niliyojivunia hata mbele ya walimu wenzangu. Programu ikigoma, tuliitupa ukutani kwa projekta, darasa likapiga meza na kuimba “Simama! Simama!”, na mwenye kazi akasimama kuieleza mstari kwa mstari hadi kosa lionekane. Kisha walimpigia makofi. Niliamini kwamba ninaliondolea kosa aibu yake. Sasa nahofia kwamba niliwafundisha kitu kingine kabisa: kwamba kila kosa lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kusimamishwa.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho kabla ya kuwasilisha kazi za vitendo, zile zinazohesabiwa kwenye cheti. Jumanne umeme ulikatika mara tatu. Ijumaa asubuhi niligundua kwamba kompyuta kuu, inayohifadhi kazi zote, inaonyesha tarehe ya miaka kumi na tatu iliyopita. Kibetri chake kidogo, kadiri ya kifungo cha koti, kilikuwa kimekufa, na kila umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma. Nikairekebisha, nikanywa chai yangu. Alasiri mwanao alifunga maabara kama kawaida.

Jumamosi asubuhi walipofungua mafolda yao, hayakuwa na kitu. Kundi la kwanza lilidhani limekosea. La pili likapiga ukelele. Ndani ya dakika tano chumba kizima kilikuwa kimesimama, na msichana mmoja alikuwa amekaa sakafuni akilia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nilitafuta kwenye diski ya akiba. Nayo ilikuwa tupu. Ndipo nikafanya nilichokuwa nikifanya sikuzote: nilifungua kumbukumbu za mashine, nikazitupa ukutani. Zilisema kwamba Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini, akaunti ya kiranja wa maabara ilifuta mafaili mia mbili na kumi na mawili.

Hawakungoja nitamke lolote. Meza zilianza kulia. Simama, simama. Mwanao akasimama, akaeleza kwa adabu kwamba yeye aliendesha tu Fagio, ile programu ya usafi, kama kila Ijumaa, na kwamba hakugusa kazi ya mtu. Wakati huo mtu alikuwa amekwisha kulifungua folda la mwanao na kukuta kazi yake ipo, nzima. Kijana wanayemwita Spika, ambaye sauti yake husikika hadi jikoni, aliuliza hilo ni fagio gani linalofagia nyumba za watu wote na kuiruka ya mwenye kulishika. Kutoka nyuma mwingine akadakia kwamba Seva imeshiba, imekula vya watu. Walicheka, dada. Kipigo kile kilianza kwa kicheko.

Spika hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anarudia darasa, na alitumia miezi mitatu kuandika programu ya kupanga foleni ya wagonjwa kwenye zahanati, kwa sababu bibi yake alizoea kusukumwa nyuma. Alimrukia mwanao kwa kibodi. Ilivunjika mdomoni mwake, na herufi zikatawanyika sakafuni. Baadaye, nilipopiga magoti kuokota, nilishindwa kutofautisha herufi na meno. Waliokuwa mbali walivurumisha walichopata, kisha wakasogea. Mmoja alimvuta nywele hadi shingo ikakunjika juu ya ukingo wa meza. Mwingine alizungusha kipanya kwa waya wake kama kombeo, kikawa kinatua mbavuni kwa mlio mkavu. Alipoanguka waliingia kwa miguu. Wasichana walikuwemo, wale wale aliowasaidia. Halafu likaja stuli, na mguu wake wa chuma ndio uliochukua jicho. Sikujua kwamba jicho likipasuka huwa na sauti. Wanaotaka kukufariji watakwambia hakusikia maumivu. Alisikia, aliita.

Naibu mkuu wa shule aliingia na bomba la mpira, mlinzi nyuma yake na rungu. Hawakuuliza nani ni nani. Waliwapiga hata waliokuwa wamejificha chini ya meza, na rungu lilimvunja Spika mkono wakati tayari ameuinua kuomba amani. Wote walipigishwa magoti kwenye kokoto, wakachapwa hadi naibu mwenyewe akahema na kubadilisha mkono. Nami nilipita mbele ya Spika, ameshikilia mfupa wake uliopinda, nikamzaba kofi, nikamzaba la pili, damu ikamtoka puani. Mkono uliokuwa umelala dakika zote zile, ghafla ulikuwa na nguvu.

Mwanao alipelekwa hospitali ndani ya gari la mboga. Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa wewe ndiye uliyelala kwenye benchi la wodi. Usiyoyajua ni haya. Wanafunzi kumi na mmoja wamesimamishwa, Spika yuko mahabusu na mkono wake umeunga vibaya, na kesho kamati ya shule inakaa kuamua wafukuzwe au wapelekwe mahakamani. Nimeitwa kuwa shahidi. Katika kila karatasi niliyoiona, mwanao ameandikwa kuwa mfutaji wa mafaili, aliyeadhibiwa na wenzake kupita kiasi. Kupita kiasi, dada, kana kwamba kiasi kilikuwepo.

Hakufuta yeye. Fagio ni programu niliyoiandika mimi, kwa mkono wangu, miaka miwili iliyopita, ili kuondoa takataka zilizozeeka kwenye kompyuta kuu na kwenye diski ya akiba. Mimi ndiye niliyemwagiza aiendeshe kila Ijumaa kwa akaunti yake. Fikiria futi yako ya kupimia imekatika mwanzoni bila wewe kujua, ukakata nguo za watu wiki nzima. Kazi zilizohifadhiwa tangu Jumanne zilipokea tarehe ya miaka kumi na tatu nyuma. Niliporekebisha saa, sikuzirekebisha tarehe hizo. Fagio lilizitazama, likaona vitu vya kale, likafanya nililoliambia. Kazi ya mwanao ilipona kwa sababu aliimaliza wiki iliyotangulia, akaifunga. Bidii yake ndiyo iliyomhukumu.

Na si kwamba nilikuja kuyagundua haya baadaye. Aliposema neno Fagio, kabla mtu yeyote hajanyanyua kibodi, alinigeukia. Hakuniita Mama Mdogo, hata hapo. Alisema, “Madam, waambie.” Ndipo fagio na saa vilipokutana kichwani mwangu. Nilijua. Nilijua kabla ya pigo la kwanza, na saa ya kompyuta, ile niliyoirekebisha, ilikuwa ikisomeka pale ukutani: dakika tatu zilipita hadi naibu alipofika. Sikusema hapana. Sikusema ni mimi. Nilisimama nimeshika waya wa projekta.

Alipoweza kuongea, kabla hujafika wodini, aliniuliza kama kazi yake bado ipo. Nikamwambia ipo. Akaniomba niifute, ili awe sawa na wenzake. Sijaifuta, wala sijaiwasilisha. Nasikia umemuuliza kilichotokea, naye amekujibu kwamba hakumbuki. Anakumbuka, dada. Ninachoshindwa kukijua ni kama ananisitiri au ananisubiri.

Kesho nitaiambia kamati habari ya Fagio na ya saa, nitawaambia na habari ya kofi, na nitawaambia kwamba aliyefutwa jicho ni mtoto wa dada yangu. Nimeona si haki wasikie wao kabla yako, ndiyo maana barua hii inakuja kwako na basi la mchana huu. Hilo nimeliamua. Watakaponiuliza kwa nini nilinyamaza, ndipo sina jibu. Siku nyingine naona niliogopa wasije wakagundua undugu wetu na kusema namtetea. Siku nyingine naona nililinda jina la Nukta asiyekosea. Na ziko saa najidanganya kwamba yalikwenda kasi mno. Kila sababu nikiipima inakaa sawasawa, na hilo ndilo linalonifanya niziogope zote. Shahidi pekee wa yaliyokuwa moyoni mwangu dakika zile ni mimi, na mimi nina maslahi katika hukumu. Kwa hiyo swali nililoanzia nakuachia kama lilivyo.

Nisalimie shemeji. Usimsomee mwanao barua hii mpaka atakapoomba mwenyewe. Akiomba, usimfiche hata mstari. Sitakuomba radhi leo, kwa sababu ukinipa nitaichukua haraka mno.

Ni mimi, mdogo wako wa kuzaliwa.