Soksi Zilizopigwa Pasi

Mkwe,

Chakula kiko jikoni. Kipashe mwenyewe, maana moto unaupenda.

Nilikuambia soksi zangu nyeusi nyepesi ni za kufua kwa mkono na kuanika kivulini. Asubuhi hii ukazipiga pasi, kisigino kikagandia kwenye pasi. Na ulijua leo fundi saa ananitambulisha kwa binti zake, na kwao viatu vinavuliwa mlangoni. Ulitaka niende bila soksi wanicheke vidole, nibaki hapa nikulelee watoto.

Nimechagua zako mpya za kijivu, zenye mpira usiobana. ~~Nitazirudisha jioni.~~ Wakinikubali, nahama nazo.

Pasi ikwangue kabla mwanangu hajaidai. Watoto wanatoka shule saa saba, kawachukue wewe.

Mama mkwe wako, bibi harusi mtarajiwa