Mwarobaini Nilioukata kwa Mdomo

Jumanne, Septemba. Kahama. Jua limeanza kuchoma saa mbili asubuhi kabla hata sijafungua kibanda. Sasa ni jioni na bado ukiegemea ukuta unakuunguza mgongo.

Leo mama ameanguka.

Nimeandika hiyo sentensi na kuifuta mara tatu. Ameanguka mashineni, katikati ya uwanja wa kuanikia mpunga. Hakuzimia kabisa. Magoti yalilegea, akakaa chini, halafu akalala ubavu kama mtu aliyechoka tu, reki yake ya mbao bado mkononi. Wenzake wakamvuta mpaka kwenye kivuli cha lori. Kivuli cha lori! Na dereva anawaambia fanyeni haraka jamani, mimi nataka kuondoka.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi natengeneza simu. Hakuna chuo nilichosomea, nimejifunza kwa video na kwa kuharibu simu za ndugu zangu. Kibanda changu kiko nje ya geti la mashine ya kukoboa mpunga. Mama yangu anafanya kazi ndani ya geti hilo, yeye na akina mama wengine watano. Mpunga unakuja na malori kutoka Kharumwa na vijiji vya huko, umekaa kwenye magunia mpaka umeshika unyevu. Wao wanaumwaga kwenye sakafu ya saruji, wanautandaza, wanaugeuza mpaka ukauke, ndipo unaingia kukobolewa. Wanavaa soksi mbili mbili, kwa sababu ile saruji ikishika moto hata ndala inalainika.

Katikati ya uwanja palikuwa na mwarobaini. Walikuwa wanageuza, wanarudi kukaa chini yake, wanakunywa maji, wanasema watu, wanaenda kugeuza tena.

Sasa hivi pana kisiki. Na aliyeukata ni mimi. Panga sikushika wala shoka. Niliukata kwa mdomo.

Ilikuwa mwezi wa saba. Bosi Salum, mwenye mashine, alikuja kubadilisha kioo cha simu huku analalamika: mchele wake unatoka chenga tupu, punje zinavunjika, wateja wanaukataa. Mimi nikisikia tatizo la mtu siwezi kutulia, nawashwa. Hapohapo nikaingia mtandaoni. Nikapata video, jamaa anaeleza vizuri kabisa: mpunga ukipigwa na jua kali bila kugeuzwa, punje inapasuka kwa ndani kabla hata haijaiona mashine. Kwa hiyo geuza mara kwa mara. Na usiache sehemu nyingine kivulini na nyingine juani, utakauka kwa kupishana.

Dakika ya nne, bando likaisha.

Mtu mwenye akili angesema ngoja nijiunge nimalizie. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuongea. Aisee, niliongea! Nikamwambia bosi, tatizo lako ni ule mti, unakupa kivuli pasipotakiwa. Na hao akina mama wanageuza mara moja kwa saa, wageuze kila robo saa. Hiyo robo saa haikuwepo kwenye video. Niliitoa kichwani tu, niliona inasikika kitaalamu. Bosi alinisikiliza kama anaandikiwa dawa. Akaanza kuniita injinia. Wiki haikuisha, mti ukawa chini.

Na kibaya zaidi, ilifanya kazi. Chenga zimepungua kweli. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Halafu likaja hili jua. Wateja wananiletea betri zilizovimba kama maandazi, nawafokea, "Msiache simu juani!" Simu nazihurumia. Joto nalijua, niliwahi kuzama kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu kule Mwakitolyo, miezi minne. Kule chini unaoga jasho, ila unajua ukipanda juu kuna upepo. Sasa hivi juu kwenyewe ndiko kama duarani, na hakuna pa kupanda.

Kinachoniumiza ni hiki. Jua likizidi, mpunga unapasuka upesi. Ukipasuka upesi, unatakiwa ugeuzwe zaidi. Kwa hiyo saa ile ambayo hata mbuzi wa Kahama wamejibanza ukutani, ndiyo saa mama yangu anatakiwa azunguke uwanjani bila kusimama. Mambo mapya hayo. Nimeyaleta mimi.

Leo baada ya kumwagia mama maji na kumfunika kanga mbichi, Mama Neema, yule mwenye maneno kuliko wote, akasimama anakitazama kisiki.

"Huyo aliyemwambia bosi akate mti," akasema, "Mungu ampe kipara. Kisha jua limkute utosini."

Wote wakaangua kicheko. Hata mama, kichwa kwenye gunia, akacheka. Hawajui ni nani. Bosi hakuwaambia.

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo.

Nikacheka nao.

Nikarudi kibandani, nikajiunga bando, nikaitafuta ile video. Nikaianzia dakika ya nne. Dakika ya tano, ya tano tu, jamaa anasema jua likiwa kali sana mchana, kusanya mpunga, ufunike, subiri lipungue ndipo uanike tena. Maana yake saa sita mpaka saa tisa akina mama wangekuwa wamekaa. Dakika moja tu. Nilizima simu nikaiwasha tena, kama vile yenyewe ndiyo yenye makosa.

Nikaenda kwa bosi mbio.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba injinia. Mama anaendeleaje?"

Sio mtu mbaya, hilo niliseme. Alishamtumia mama soda ya baridi na kumwambia aende nyumbani, siku yake haikatwi. Video aliitazama mpaka mwisho. Kisha akanirudishia simu taratibu.

"Nikifunika masaa matatu kila siku, lori la leo linaondoka kesho. Na chenga si zimeshapungua? Si wewe uliniambia?"

"Basi tufunge hata turubai pale pembeni, wapate pa kukaa."

"Tulifunga. Upepo ulilichana vipande viwili, na wewe ulikuwepo."

Kweli, nilikuwepo.

"Panda mti mwingine basi," akasema, anaonyesha nje ya geti. "Nani kakukataza?"

Nimeenda kununua mche wa mwarobaini. Nimeupanda pembeni ya kibanda, nje ya geti, nikaumwagia maji ya kunawia. Unanifika chini ya goti. Nilichuchumaa nikapima: kivuli chake kinatosha simu moja.

Nyumbani nimemkuta mama amekaa nje, mgongo kwenye upande wa ukuta ambao jua halikufika. Macho mekundu. Hospitali amekataa, anasema ni limi tu, yaani jua, jua halina sindano. Nikamwambia kesho asiende.

"Nikae humu ndani ya bati niive? Bora kule, kuna wenzangu wa kunimwagia maji."

Ana haki. Chumba chetu mchana ni tanuri.

Akavuta kanga, akanitazama na ile sura yake ya utani.

"Ng'wanawane," ananiitaga hivyo akiwa na huruma, yaani mwanangu, "wewe unayejua kutafuta kila kitu, hebu tafuta humo kwenye simu dawa ya hili jua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama ni mimi. Mama, ule mti ni mimi. Mdomo uliomwaga maneno yote yale kwa bosi bila hata kumaliza video, leo umeshindwa kutoa maneno mawili.

Nikasema, "Nitatafuta mama."

Kesho saa sita nitafunga kibanda, niingie uwanjani nichukue reki yake mpaka saa tisa. Keshokutwa hivyohivyo. Najua haitoshi, wale wengine watano nani atawashikia? Na mama ataniuliza umepatwa na nini, wewe ambaye hata kufagia unaona tabu.

Soksi nimeshaziweka mlangoni, jozi mbili.

Maneno bado sijayapata.