Unga wa Wimbi wa Kumpelekea Mama

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Natumaini baridi ya Wundanyi haijakurudishia maumivu ya goti, na watoto wanakwenda shule. Mimi ni mzima, ila wiki hii nimekukumbuka sana, na nina jambo la kukiri.

Hapa Ikonge salamu haziishi. Nikienda kituoni kupima majani ya chai, mtu hunisimamisha aulizie watu wa nyumbani mmoja mmoja, hadi ng'ombe. Nikisema hatuna ng'ombe, ananipa pole. Kazini nachelewa kwa sababu ya salamu.

Niliporudi kutoka kumzika mama yetu, Mama Moraa mwenye nyumba wangu aliniuliza langoni kama mama yangu hajambo. Nikajibu, "Hajambo." Neno lilitoka lenyewe, Dada, na kesho yake sikuweza kulirudisha. Naye akaanza kumwandalia zawadi nimpelekee likizoni: unga wa uji, wimbi kutoka shambani mwake. Jumapili mbili nimekaa naye uani tukipepeta.

Jumapili iliyopita akauliza kama Mama anapenda uji mzito au mwepesi. Nikashindwa. Nikamwambia tulishamzika, na kwamba nilikuwa nimerudi kutoka mazishini siku ile ya langoni.

Aliweka ungo chini.

"Ulikaa na matanga peke yako," akasema, "kama mtu ameficha mbuzi ya jirani."

Akaingia ndani, akaniacha uani. Nilijua nimefukuzwa.

Jumatatu jioni alibisha hodi na wanawake watatu wa kanisani kwake. Kiti ni kimoja, wakabanana kitandani, wakataka niwasimulie Mama. Nikawaambia alivyowapa kuku wake majina ya mawifi zake, na alivyomchinja Shangazi siku ile Shangazi mwenyewe alipokuja kututembelea. Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Ndipo nikalia, Dada, kilio ambacho sikulia kaburini. Hakuna aliyeninyamazisha.

Wimbi limeshasagwa kule sokoni Kebirigo. Mama Moraa anasema unga ni wako sasa, na kila asubuhi ananiuliza habari zako. Sina cha kumjibu. Tangu mazishi, mimi na wewe tunaambiana kwenye simu kwamba hatujambo, tunakata.

Nisalimie shemeji, mjomba aliyetuongozea sala kaburini, na kitinda mimba wako.

Wewe usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie kama unalala, na kama bado unapitia mlango wa nyuma ili usikione kiti cha Mama.

Mdogo wako,
Mkamburi