Bastola ya Babu Orville

Dwight,

Supu ya maharage ipashe. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Bastola ya gesi ya babu yako, ile ya kulengea makopo, nimeondoka nayo. Tulipoiokota ghalani uliiita chuma chakavu. Jirani yetu Merle ameibadilishia mipira ya kuzibia iliyokuwa ikivujisha gesi, bure, na kila kichupa kipya cha gesi hukitia tone la mafuta kwanza. Nawe leo asubuhi, na ndevu zako zote, umeisugua kwa msasa hadi rangi ya kiwandani ikatoka, pamoja na alama iliyoachwa na kidole gumba cha babu yako. “Bibi, sasa inang’aa!” Kinachong’aa ni ujinga wako.

~~Nitairudisha jioni.~~ Itakaa kwa Merle. Ukiitaka, kabishe hodi umwombe yeye.

Mkate wa mahindi ufunike.

Bibi yako