Watano Waliokataa Kula

Mama, shikamoo.

Huku kambini Kirushya asubuhi ni ukungu mtupu na matope yanafika magotini, lakini mjukuu wako Neema ni mzima na moyo wangu umetulia. Nakuandikia nikiwa jikoni, maana wazazi tuliowasindikiza skauti hawa wadogo ndio wapishi.

Uliniuliza, katika watoto wengi vile, akipotea mmoja nani atajua? Jana hofu hiyo ilinipata. Tulipakua ndizi na maharage, watoto wakakaa sita sita, kama mwalimu wao alivyowapanga. Wa kundi la Neema wakakunja mikono tu.

"Kuleni, chakula kinapoa!" nikawaambia.

Kasichana kadogo kuliko wote kakanijibu, "Mama Neema, hatuli. Hatujatimia."

Kutazama, wako watano, Neema akiwemo! Nusura nidondoshe mwiko. Kabla sijapiga kelele, wao walishainuka, wakashikana mikono, wakaingia migombani wakimwita mwenzao wa sita. Wakamkuta kwa bibi mmoja jirani, anamsaidia kuchambua maharage. Kila siku skauti hutakiwa kumtendea mtu jambo jema, naye alisahau tu kuaga. Wakarudi naye, ndipo wakala. Chakula kilishapoa, na hakuna aliyenung'unika.

Jumamosi tutakuwa nyumbani. Najua, mama, umezoea kula mwisho, peke yako, jikoni. Basi jiandae: Neema ameapa hatagusa sahani mpaka bibi yake akae mkekani.

Akupendaye,
Mama Neema