Simu Yako Haijafa, Baba

Bangalore, India

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama pia shikamoo, maana najua amekaa pembeni yako anasubiri umsomee. Kifua kimepoa? Mahindi ya shamba la Handeni yamebeba, au mvua imewachezea tena? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo, kwa hiyo Mama apumzike kuniombea mwili.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa Mombo aliyekuja huku kutibiwa macho. Sasa anaona vizuri na ameapa kukutafuta mwenyewe hapo Kwamndolwa. Mpeni chai, amenisaidia sana kwa mazungumzo.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na tukipigiana simu ya kawaida sauti inakatika nikiwa katikati ya maneno. Mama ameniambia kwamba tangu uso wangu uache kuonekana kwenye simu yako, unakaa barazani unasema, "Huyu mtoto ana jambo anatuficha." Baba, sikufichi kitu. Sijaolewa kimyakimya, sijaugua, wala sijawasahau. Uso wangu umezuiwa na ofisi yangu mwenyewe, na hilo limeniuma kuliko unavyodhani.

Unajua ile programu tunayoonania ndiyo tunayoitengeneza hapa kazini. Sasa, dunia ya simu ina wakubwa wawili, kampuni mbili ambazo ndizo zinazotia akili ndani ya karibu kila simu janja unayoiona pale stendi ya Korogwe. Moja inauza simu za bei mbaya, nzuri kweli, lakini imezizungushia ukuta, ukishaingia kutoka ni kazi. Nyingine imewapa watengenezaji wengi akili yake, ndiyo maana simu za bei nafuu zimejaa hadi Mkumbara. Lakini na yenyewe haikutoa sadaka. Imekaa mlangoni inamwangalia kila anayepita.

Mimi siku hizi si shabiki wa yeyote kati yao. Wakishindana tunapata kamera nzuri na betri inayodumu, hilo silikatai. Kinachoniudhi ni kwamba kila wakitoa simu mpya wanaisifia mpaka uone ya zamani kama imeoza, halafu ubishi wao unashuka hadi kwetu sisi vibarua wa kompyuta. Ofisini watu wazima wanazozana kama siku ya watani wa jadi wa mpira, na hakuna hata mmoja mwenye hisa.

Kinara wa upande wa simu za bei mbaya anaitwa Arvind. Ni kijana mwerevu, ana miwani, mdomo haumkauki. Mimi kikazi nipo upande wa simu za watu wote. Kila asubuhi ananiuliza, "Zaituni, simu zenu za makumbusho zimeamka?" Na mimi namjibu kwamba simu yake ni bwana harusi, inang'aa lakini haijui jembe. Tukawa hivyo miezi mingi, nikamzoea, nikamweka moyoni kama mtani.

Hapo ndipo nilipokosea, Baba. Nilisahau kwamba yeye hajui kuwa ni mtani.

Ulipofika wakati wa kupanga kazi mpya, Arvind akapendekeza tuziache simu za zamani, kwa madai kwamba zinatuchelewesha. Nikapinga, nikashindwa. Ndiyo maana programu yetu ikaifungia simu yako. Wewe nilishakuomba nikununulie nyingine ukanijibu, "Simu haijafa, unaizikaje?" Nikacheka siku ile. Lakini nilipoliona jambo lenyewe kwa macho, na nikifikiria wangapi wana simu kama yako, sikuweza kucheka tena.

Basi siku moja wakati wa chakula cha mchana, Arvind ameweka simu yake pembeni ya sahani. Nikakumbuka matanga ya Bibi. Unakumbuka Mzee Maganga, mtani wetu Mnyamwezi, alivyoinyakua simu yako mbele ya waombolezaji wote, akaifunga kwenye kanga kiunoni, akasema haitoki bila jogoo? Ulikuwa hujafungua mdomo tangu mazishi. Ukamwangalia, ukamwambia, "Wewe mtoto wa manamba, baba yako alikuja kukata mkonge akatuachia mwizi!" Halafu ukacheka hadi machozi yakatoka, na yakaendelea kutoka, na ndipo ukalia vizuri. Siku ile ndiyo nilielewa utani ni wa nini.

Nikainyakua simu ya Arvind. Nikaitia kwenye mkoba, nikamwachia mezani simu moja ya majaribio ya hapa kazini, inayofanana na yako. Nikamwambia, "Fidia yangu ni moja. Mpigie mama yako kwa hii, umwone uso, ndipo nikurudishie yako." Nikaondoka nacheka.

Yeye hakucheka. Huku simu ya mtu ina benki yake, funguo za nyumba yake, na siri zake zote. Sijamaliza hata kuosha mikono, nikaitwa kwa mkuu wetu, Bi Latha. Neno lililokuwa mezani ni wizi. Nikaona giza. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii, na nilijiona nashuka Korogwe na begi, naanza kukueleza kwamba nimefukuzwa kwa kumwiga Mzee Maganga.

Nikairudisha simu, nikaomba radhi kwa moyo. Kisha nikawaeleza utani, kama ulivyonieleza wewe. Kwamba mtani anaruhusiwa kukusema usoni maneno ambayo ndugu yako hathubutu. Kwamba hakuchukulii kitu ili akidhulumu, anakichukua ili akuamshe. Nikawaeleza hadi jogoo. Bi Latha alinisikiliza amejishika kidevu, halafu akamgeukia Arvind.

"Ulimpigia mama yako?"

"Nilijaribu," akasema. "Ilikataa."

Bi Latha akaichukua ile simu ya majaribio, akajaribu mwenyewe. Ikazunguka, ikazunguka, kisha yakaja yale maneno ambayo wewe umeyaona na hukuyaelewa kwa sababu yameandikwa kwa Kiingereza. Yanasema simu yako haifai tena, tafadhali nunua mpya. Akayasoma kwa sauti.

"Nani aliandika hivi?"

Arvind akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Mimi," akasema. Halafu, taratibu, "Sikuwahi kufikiria kuna mtu anayasoma."

Baba, sitakudanganya. Nimepewa onyo la maandishi, na nimelistahili, maana utani na asiye mtani ni uvamizi tu. Lakini kazi nimebaki nayo. Na Bi Latha akatuamuru mimi na Arvind tukae meza moja, tutengeneze programu nyepesi ya simu za zamani. Siku za mwanzo aliongea nami kama karani wa mahakama. Kisha juzi nimefika nikakuta kiti changu hakipo. Nikauliza huku na huku. Arvind, bila kuinua macho kwenye kompyuta, akasema, "Fidia ni pilau. Ya kwenu, siyo ya kwetu." Nilifurahi nikataka kulia. Nimesimama nusu siku nikifanya kazi, na pilau nimeipika.

Programu imekamilika, inatoka wiki hii. Barua ikikufikia, mwambie mdogo wangu Mwanaisha aifungue simu yako, na ikiomba kujisasisha akubali. Itachukua muda, isibonyezwebonyezwe. Arvind anasema kwa kuwa simu yake ilitekwa kwa ajili yako, ana haki ya kukuona wa kwanza. Kwa hiyo ukikuta kijana mwenye miwani kwenye kioo badala yangu, usishtuke. Mtukane kidogo, nitamtafsiria. Nitakuwa nyuma yake.

Nisalimie Mwanaisha, na kaka Hamisi mwendesha bodaboda, avae helmeti. Nisalimie shangazi wa Kwashemshi aliyenifungia shuka la safari. Mzee Maganga msalimie kwa sauti kubwa, mwambie ameniponza, na jogoo wake sitamlipa mimi. Mama, nakubusu mikono.

Simu yako haijafa, Baba. Iweke chaji.

Mwanao anayekupenda,
Zaituni