Moshi wa Pilipili

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwalimu Makarius katupa insha ya fasihi: "Shida humkomaza kijana. Thibitisha kwa riwaya uliyosoma." Rahisi! Tumwagile wa kwenye riwaya yetu kafiwa, kafukuzwa shule, kalala njaa — mwishowe haogopi kitu. Nimeandika kurasa mbili huku natafuna muhogo.

Nafika nyumbani, Bibi analia. Baba kaanguka na bodaboda, kalazwa Mikumi, mguu umevunjika. Mama kamfuata hukohuko. Na mpunga umeshaanza kuinama, na tembo walipita shamba la jirani juzi. Nani atalinda?

Mimi!

Jumatano, 14 Mei 2025

Jioni yangu ya kwanza juu ya dungu, ukingo wa chini wa shamba. Miti minne, kichanja, ngazi inayumba. Bibi kawasha debe la mavi ya ng'ombe na pilipili kichaa, kaliweka mbele ya dungu. Moshi ukatambaa juu ya mpunga wote. Tembo hawauwezi.

Matete yakavunjika. Mkojo ukanibana! Kumbe ng'ombe wa jirani. Bibi kacheka mpaka kakaa chini. Eti asiyemwogopa tembo hajamwona. Mimi sikucheka.

Nimesoma tena insha yangu. Hakuna mahali Tumwagile anabanwa na mkojo.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Aibu! Alfajiri, Bibi kalala, nimewasha debe mwenyewe, nikaliweka palepale pa jana. Moshi wote ukanijia mimi. Kikohozi, machozi, kamasi — na tembo wawili wakaingia taratibu, wakala majaruba ya juu yote.

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo limeniuma. Kaniambia upepo wa jioni hupanda milimani. Giza likiingia hugeuka, hushuka mpaka asubuhi. Kwa hiyo usiku debe huhamishiwa ukingo wa juu wa shamba. Kila mtoto wa hapa Tindiga anajua. Mimi si nilikuwa nasoma riwaya!

Mpunga uliobaki ndio chakula chetu cha mwaka mzima. Ukiliwa na huo, sijui.

Insha nimeichana. Mwalimu kauliza kama nimeshindwa. Nimemjibu bado sijakomaa. Darasa zima likacheka.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Niko juu ya dungu. Jua linazama. Bibi kaenda nyumbani kuchukua ugali na tochi. Debe linafuka vizuri mbele ya dungu, nimeliweka mwenyewe.

Tembo wametoka kichakani. Jike kubwa na wenzake. Wamesimama ukingo wa juu, masikio yanapepea, moshi unawazuia.

Lakini hapo ndipo anapopita Bibi akirudi!

Naiona kanga yake kule mwisho wa mahindi ya jirani. Anakuja, kainamisha kichwa. Nimepiga kelele — hasikii, masikio yake mazito siku nyingi. Jike limegeuka kunitazama mimi. Nampigia simu: inaita hapahapa, ndani ya kikapu alichokiacha.

Naandika ili mkono upate kazi. Ee Mungu, naogopa. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Tumwagile alifanyaje? Mwandishi karuka sura, mara msichana jasiri!

Moshi umesimama wima.

Sasa unaniwasha macho. Upepo umegeuka. Debe linatakiwa ukingo wa juu, waliko wao. Lina mkono wa waya, wa moto. Nitaushika kwa shati la shule.

Mkojo umenibana tena. Nashuka hivyohivyo